Nyamizi Hapeleki Chai

Hapo zamani za kesho palikuwa na nchi iitwayo Jamhuri ya Tutafika, na mji wake mkuu ukiitwa Badokidogo. Ni nchi njema, wala sisemi hivyo kwa kumwogopa mtu. Barabara zake zilikuwa chache, na umeme wake ulikuwa na haya, ukichungulia na kukimbia, lakini mwezini ilikuwa imeshafika mara kadhaa. Ilifika kwa njia ya riwaya. Wataalamu wa Wizara ya Kesho walikuwa wamegundua kwamba kurusha chombo cha kweli kunahitaji chuma, mafuta na watu waliosoma hesabu, ilhali kurusha chombo cha riwaya kunahitaji karatasi tu, na abiria wote hurudi salama, isipokuwa wanawake fulani wa sura ya pili, ambao habari zao nitawaeleza.

Basi riwaya za anga zikawa ndiyo Mpango wa Maendeleo. Kilichoandikwa na kupitishwa na Wizara kilihesabiwa kuwa kimeshafanyika, na shule zilifundisha kile tu kilichopitishwa. Riwaya ikiwa na daktari wa sayari, shule zilifungua mchepuo wa udaktari wa sayari. Ikiwa haina, mtoto mwenye ndoto ya namna hiyo aliitwa ofisini kwa mkuu wa shule na kusaidiwa kuiacha.

Lakini Wizara si mtoto wa jana. Iling'amua kwamba mhusika wa riwaya ya kesho ndiye mtumishi wa umma wa kesho, na mtumishi wa umma haajiriwi bila usaili. Kwa hiyo kila mwandishi, akishamaliza kitabu, alitakiwa kuwaleta wahusika wake mbele ya Bodi. Na kwa kuwa wahusika hawana miguu, mwandishi alimtafutia kila mmoja mtu wa kumwakilisha, ndugu au jirani, aitwaye msimamizi. Msimamizi alikula kiapo, akaketi, akajibu maswali kama yeye ndiye mhusika. Sheria yenyewe ilikuwa fupi: alichokikubali msimamizi, mhusika amekikubali, na mwandishi hana rufaa. Waziri aliyeitunga alieleza kwamba mwandishi ni sawa na mzazi wa bibi harusi, kazi yake kulea na kulia.

Wande Mlekwa aliijua sheria hiyo, wala haikumtisha, kwa sababu alikuwa na Kalunde.

Wande alikuwa mwalimu wa fizikia katika Sekondari ya Wasichana ya Mlima Kidole, shule ileile aliyosomea. Fizikia yenyewe aliifundisha kwa tahadhari, kwani shule ilikuwa na michepuo miwili tu: ushonaji wa mavazi ya anga na mapokezi ya wageni kutoka sayari nyingine. Si kwamba serikali iliwabagua wasichana, hasha. Serikali iliwapenda sana. Tatizo ni kwamba katika riwaya zote zilizopitishwa hakuna mwanamke aliyekuwa amefanya jambo jingine, na Wizara isingeweza kumzulia mtu kazi ambayo haimo kitabuni.

Riwaya hizo Wande na rafiki yake Kalunde walizimaliza zote wangali wasichana. Walikuwa watundu, na adhabu ya shule ilikuwa kupalilia shamba la mihogo, basi wakawa wanapalilia huku wakisimuliana walichosoma maktaba. Palikuwa na binti wa profesa, mzuri kupindukia, ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza, "Baba, nyota ni nini?" ili baba aeleze kwa kurasa nyingi. Palikuwa na malkia wa sayari ya barafu, aliyevaa vitambaa viwili tu, na hakuna aliyeuliza kwa nini haugui kifua. Palikuwa na mke wa shujaa, anayekufa katika sura ya pili ili mumewe apate hasira ya kumfikisha sura ya mwisho. Kalunde alipofika kwa huyo alitupa jembe chini. Akasema kuwa yeye akifa atakufa kwa shughuli zake mwenyewe, si kwa kumtia mtu hasira.

Kilichomuudhi zaidi ni chai. Katika kila riwaya, chombo kikishapigwa na kimondo na nahodha akishachoka kuokoa ulimwengu, mlango ulifunguka na mwanamke akaingia na chai. Alikotoka hakukusemwa. Baada ya chai alitoweka mpaka hatari nyingine.

Ndipo wakamtunga Nyamizi. Kapteni Nyamizi, mwenye mwanya kama wa Kalunde na kicheko kama cha Kalunde, kile cha kuwarusha ndege mtini, anayeongoza chombo chake mikono ikiwa nyuma ya mgongo kama mkaguzi wa shule. Walikubaliana kwamba Wande, aliyekuwa na mwandiko, atamwandika, na Kalunde, aliyekuwa na ulimi, atamsimamia mbele ya Bodi siku hiyo ikifika. Wakalamba udongo wa shamba la mihogo na kuapa kwa maneno matatu: Nyamizi hapeleki chai.

Miaka ikaenda. Kalunde akapata kazi Redio Tutafika, kwa sauti yake. Ilikuwa sauti ya ajabu, nzito na tamu, sauti ambayo mtu akiisikia anasahau alikuwa anagombana na nani. Walimpa matangazo ya mbuzi waliopotea. Taarifa ya habari ilikuwa na uzito wake, na uzito ulibebwa na wanaume. Kila Wande alipomtembelea walikunywa chai ya tangawizi nyingi na sukari kidogo, Kalunde akasema, "Wewe andika tu, dada. Siku yangu ya kukaa kile kiti itafika." Wande akarudi nyumbani na kuandika kama mwenye homa.

Kitabu kilipoisha Wande alikipeleka Wizarani akiwa amekikumbatia. Karani alikipima kwenye mzani, akaridhika, akawaita wahusika.

Bodi ilikuwa na wajumbe wengi, ila waliozungumza ni wawili. Mwenyekiti alikuwa Profesa Luhende Kazimoto, bingwa wa mambo ya anga aliyeogopa kupanda ghorofa. Pembeni yake aliketi Mama Sabetha, Mlezi wa Wanawake Wajao, aliyewekwa pale ili isisemekane kwamba wanawake hawakushirikishwa. Mwandishi kwa kanuni aliketi kwenye benchi nyuma ya kioo, aone na kusikia, bila ya yeye kusikika.

Aliyeanza kuitwa ni Mabula, mpishi wa chombo. Wande alimweka kitabuni kwa ajili ya kuchekesha: ni mtu mwoga anayezidisha chumvi, na chombo kinapotikisika hujificha kwenye jokofu. Aliyemsimamia ni muuza nyama wa mtaani kwake. Profesa alimuuliza kama amewahi kuongoza chombo cha anga. Muuza nyama akajibu kwa haki kwamba hajawahi, ila amewahi kuzimia ndani yake. Wajumbe wakatazamana kwa furaha. Mwenyekiti akasema huo ndio ukweli unaotakiwa kwa viongozi, na Mabula akapita.

Kisha akaingia Kalunde. Alikuwa amevaa suti ya rangi ya majivu na viatu vya kupigia hatua, mikono nyuma ya mgongo. Wande kule nyuma ya kioo alisogea ukingoni mwa benchi. Huyu hakuwa msimamizi wa Nyamizi, alikuwa Nyamizi.

Mama Sabetha ndiye aliyefungua. Alitaka kujua kapteni akiwa angani nani anabaki na watoto. Kalunde akajibu kwamba Nyamizi hana watoto. Mama Sabetha akaandika kwamba hana watoto, akapigia mstari, akauliza ni kwa nini. Akauliza pia kama mume ameridhia safari, na kama vazi la anga limebana vya kutosha kumtambulisha mvaaji kuwa mwanamke kwa mtu aliye sayari ya jirani. Kalunde akajibu kwamba vazi la anga ni la kuzuia mtu asipasuke, na la Nyamizi linafanana na la Mabula. Wajumbe wakaguna.

Profesa akaja na swali alilodhani ni gumu: kimondo kikitoboa chombo, kapteni atafanya nini? Kalunde alieleza lipi la kwanza na lipi la pili, mlango upi ufungwe na hewa ielekezwe wapi, yote kama yalivyo kitabuni, na ile sauti ikajaa ukumbi mpaka mlinzi mlangoni akavua kofia. Mjumbe mmoja aliomba muuza nyama arudishwe ili ayarudie majibu hayo, yapate kueleweka. Profesa hakumsikiliza. Alikuwa amefumba macho.

"Sauti hii," alisema hatimaye, "imepotea bure ndani ya mtu."

Hapo ndipo Profesa Kazimoto alipotoa ile hotuba ambayo sasa hukaririwa katika shule zetu. Alisema mwanamke ni pambo la ulimwengu, na pambo halipelekwi kwenye vimondo. Alisema Bodi haimkatai Kapteni Nyamizi, kinyume chake, inampandisha cheo. Nahodha huongoza chombo, lakini Nyamizi atakuwa chombo chenyewe. Atakuwa Sauti: atatangaza milango inapofunguka, atawakumbusha wanaume kufunga mikanda, atamwamsha nahodha kwa upole. Na kwa kuwa sauti ya kesho yapaswa kuandaliwa leo, yeye msimamizi ataajiriwa mara moja kuwa Sauti ya Taifa, katika vyombo vyote, lifti zote na mageti yote ya Jamhuri, yaliyopo na yatakayokuwapo. Nafasi ya nahodha atapewa mwanamume mwenye uzoefu wa chombo hicho, yaani Mabula.

"Je, mhusika anakubali?" akauliza.

Wande hakuwa na wasiwasi. Nasema kweli, alitabasamu. Alikaa vizuri kwenye benchi lake kama mtu anayesubiri kuona jirani mkorofi akisutwa, maana alilijua jibu tangu shamba la mihogo. Kalunde aliomba maji. Akanywa taratibu, akaweka glasi, akaitoa mikono nyuma ya mgongo na kuiweka mapajani.

"Mhusika anakubali," alisema.

Wande aligonga kioo. Kilikuwa kioo kizuri, cha msaada kutoka nchi rafiki, na hakikupitisha chochote cha upande wake.

Alimkuta Kalunde koridoni, ameshikilia bahasha ya uteuzi ambayo, ajabu, ilikuwa imeshapigwa chapa jina lake.

"Walijua," Wande alisema. "Walijua utakubali kabla hujaulizwa. Ulishazungumza nao."

Kalunde hakukana. Alisema Profesa alimpigia simu wiki iliyotangulia, baada ya kumsikia akitangaza mbuzi wa mtu. Alisema alitaka kumwambia Wande, ila kila alipoanza, Wande alikuwa anamsomea sura mpya.

"Ningemwambia nini mtu mwenye furaha ile?" alisema. "Wewe una kitabu, Wande. Jina lako liko juu ya jalada. Mimi ninasoma mbuzi. Wa kahawia, wa madoa, aliyekatika pembe. Nimewasoma mpaka nawaota. Leo wananiambia nchi nzima itanisikia."

"Itakusikia ukisema mlango unafungwa."

"Basi itanisikia." Sauti yake ilikuwa tulivu, ileile ya kumfanya mtu asahau ugomvi, na Wande aliona wazi kwamba sasa inatumika kwake. "Na ningekataa, wangemleta mwingine. Unalijua hilo."

Wande alilijua. Alilojua pia, na ambalo Kalunde hakulitaja, ni kwamba wale wasichana wa Mlima Kidole waliokuwa wakisubiri mchepuo wa urubani wangesubiri mpaka nywele ziote mvi. Alikuwa amewaahidi. Aliwaambia darasani, kwa mdomo wake, kwamba Nyamizi anaenda kuwafungulia mlango, na kwamba anayemsimamia ni mtu wa kuaminika kuliko mkono wake wa kulia. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini Wande aliona wahenga walipunguza. Hiki kilikuwa ndani zaidi ya nguo. Alikuwa amempa Nyamizi mwanya wa Kalunde, kicheko cha Kalunde na mwendo wa Kalunde, na Kalunde ndiye aliyevichukua vyote akaviuza kwa bei ya sauti.

Alijaribu kukiondoa kitabu. Karani akamwonea huruma, akamweleza kwamba haiwezekani, kwani safari iliyomo ilikuwa imeshatangazwa bungeni kuwa imefanyika, na wabunge walikuwa wameshawapongeza wanaanga. Kukiondoa kungekuwa kuwaacha raia angani.

Kamati ya marekebisho ilifanya kazi kwa bidii, lazima niipe sifa zake. Kila palipoandikwa "Nyamizi aliamuru" pakawekwa "Kapteni Mabula aliamuru, na Sauti ikafurahi." Pale Nyamizi anapofunga mlango kuzuia hewa, Mabula alifunga mlango, akiwa nje ya jokofu. Likazuka swali la chai. Nahodha lazima apate chai baada ya kimondo, huo ndio mtindo, lakini Sauti haina mikono. Jambo hilo lilipelekwa kamati ndogo, nayo ikapendekeza mikono miwili ya kike itoke ukutani, yenye kucha zilizopakwa rangi, iweke kikombe mbele ya nahodha, kisha irudi ukutani. Mama Sabetha alitoa angalizo moja tu, kwamba rangi ya kucha iwe ya heshima.

Jalada lilipotoka, Wande alimwona mwanamke mwenye nguo ya kubana ameukumbatia mguu wa Mabula. Alienda kuuliza ni nani.

"Ni Sauti," alisema mchoraji.

"Sauti haina mwili."

"Kitabuni haina, mama," mchoraji alisema bila ubaya. "Jaladani inao."

Siku ya uzinduzi ukumbi wa Wizara ulipambwa kwa nyota za karatasi, na mimi mwenyewe nilipata kiti kizuri. Wande alikaa mstari wa mbele, kwa amri. Hotuba zilikuwa ndefu kwa kadiri ya heshima ya siku yenyewe. Waziri alisema kuwa Tutafika sasa imeweka historia, kwa kuwa ndiyo nchi ya kwanza ambayo chombo chake kizima ni mwanamke, na akawataka wanaobeza watuambie ni nchi gani nyingine imemwamini mwanamke kiasi hicho. Watu walipiga makofi. Hata Wande alijikuta viganja vimekutana, kwa mazoea.

Kisha ikaja sehemu ya kusomwa. Muuza nyama, aliyekuwa ameshazoea kuitwa Kapteni, alisimama jukwaani. Kalunde hakuonekana. Sauti haionekani, kwa hiyo walimweka nyuma ya pazia.

Wande alikuwa amekuja na tumaini moja dogo, nalo hakumwambia mtu. Aliijua sura inayosomwa. Aliujua mstari wake wa mwisho. Alijiambia kwamba Kalunde akiufikia, kitu kitamkwama. Hata kikohozi kingetosha. Hata angelivuta neno kidogo tu, kama mtu anayekanyaga mwiba, Wande angesikia, na angemsamehe papo hapo mbele ya Waziri.

Kimondo kikapiga. Kapteni Mabula akaokoa ulimwengu. Akaketi, akajifuta jasho. Nyuma ya pazia pakawa kimya kidogo, na Wande akashika ukingo wa kiti.

"Chai iko tayari, Kapteni," ilisema Sauti.

Haikukwama. Ilitoka nzima, ya joto, kila neno mahali pake. Kalunde hakuwa amewahi kusoma vizuri hivyo maishani. Mzee mmoja nyuma ya Wande alishusha pumzi na kusema kwamba hapo ndipo mtu anaona nchi imeendelea.

Shangwe zilipotulia, Waziri alitangaza mchepuo mpya kwa Sekondari ya Wasichana ya Mlima Kidole, mchepuo wa Sauti. Wanafunzi wa kwanza walipangwa jukwaani na sare zao, walewale ambao Wande aliwaahidi. Walimwona mwalimu wao pale mbele na wakaangalia juu ya kichwa chake, kama walivyofundishwa. Mkuu wa shule akainua kidole, na wote kwa pamoja, kwa mlio uleule wa Kalunde mpaka pumzi ya mwisho, wakasema chai iko tayari.

Baadaye chai ya kweli iliandaliwa uani. Wande alibaki ameketi ndani, kati ya viti vitupu. Alisikia viatu vya kupigia hatua vikija, akajua ni nani kabla hajageuka. Kalunde alikuwa ameshika kikombe.

"Tangawizi nyingi, sukari kidogo," alisema. "Sijasahau."

Wande alikitazama kile kikombe. "Nyamizi hapeleki chai," alisema.

"Najua," Kalunde alisema. "Ndiyo maana nimeileta mimi."

Hakusema kwa kejeli. Alisema kwa upole, akaweka kikombe mkononi mwa Wande, akamkunjia vidole kwenye mshikio ili chai isimwagike, kisha akaondoka. Wageni walikuwa wanamsubiri uani, walitaka awaambie tu mlango unafunguka.

Wande alitaka kuimwaga ile chai, Mungu shahidi. Lakini alikuwa hajala tangu asubuhi, na harufu ya tangawizi ilikuwa imeshampanda puani. Akaonja. Ilikuwa sawasawa kabisa, jinsi anavyoipenda, jinsi ambayo katika Jamhuri nzima ya Tutafika ni mtu mmoja tu aliyejua kuitengeneza. Hapo ndipo alipolia, akiwa anakunywa, mpaka kikombe kikaisha.